Mlango Uliotoka Baharini

Juzi fundi alifungua kopo la lami juu ya paa la nyumba yangu ya Chapwa. Ni nyumba ya vyumba sita, nami naitaja kwa makusudi, maana waliosema binti wa kijiji cha Ruanda hatafika popote bado wanapita barabara ile. Ile harufu iliponifikia niliacha kuhesabu mabati. Nilirudi kwenye ghala la mahindi la Baba mkubwa Lameki, lililokuwa na mlango ulionukia hivyohivyo kila mvua iliponyesha.

Baba mkubwa, kaka yake baba, wakati wa mkoloni alikuwa mpishi katika meli ndogo ya kizungu iliyobeba chumvi na vitambaa kati ya Dar es Salaam na Lindi. Meli ikagonga mwamba karibu na Kilwa, ikapasuka. Yeye akashikilia ubao wenye lami uliofunika shimo la mizigo mpaka mawimbi yakamtupa ufukweni. Ubao huo akaurudisha Ruanda kwa treni, kwa lori na kwa kichwa, akaufanya mlango wa ghala. Watu ambao hawakuwahi kuona maji mapana kuliko mto walimcheka. Walimwita Nahodha wa Mahindi. Hata hivyo mbuzi walimwamini. Waliulamba ule mlango kutwa nzima kwa ajili ya chumvi, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa shule yetu iliishia darasa la nne. Tulifyatua matofali wenyewe, tukapata chumba cha darasa la tano, lakini mkaguzi akasema darasa halitafunguliwa bila ubao wa kuandikia. Shule nyingine ilikuwa mbali, na baba alikwisha kusema mtoto wa kike hatavuka mito miwili kwa ajili ya hesabu. Dada zangu wawili waliishia la nne. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, sina haja ya kuficha, na nilijua mlango mmoja uliotosha kabisa.

Nilimwomba Baba mkubwa. Alisema hapana, akaendelea kumenya viazi.

Basi alipokwenda Vwawa kupeleka kahawa, nilikata mikanda ya ngozi iliyoshika mlango, nikaulaza uani. Upande wa ndani ulikuwa na mikato saba ya kisu, mirefu kama kidole, imepangwa safu moja. Nikadhani ni michezo ya watoto. Chaki isingepita vizuri pale, kwa hiyo niliijaza udongo wa kichuguu, nikasawazisha kwa jiwe. Kisha nikaponda betri kuukuu za redio, nikachanganya ule unga mweusi na majani ya viazi, nikapaka mara tatu. Ulipendeza mno. Nilisimama kando yake nikingoja sifa.

Aliporudi kesho yake hakunitazama. Alipitisha vidole juu ya ubao, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba.

“Nani ameziba?”

“Mimi, Baba mkubwa.”

“Walikuwa saba,” akasema. “Melini tulikuwa tunakula sinia moja.”

Mama alikwisha kuchuma fimbo. Mwalimu Zuberi, mtu wa Lindi aliyeijua bahari, aliitwa. Akasema udongo ule unaweza kukwanguliwa. Baba mkubwa akauliza, “Ukikwangua, huyu atasomea wapi?”

Darasa la tano likafunguliwa. Siku chache baadaye Baba mkubwa akaingia katika darasa la watu wazima, lililokutana alasiri kwenye chumba hichohicho. Wenzake wakamtania kwamba Nahodha amekuja kudai mlango wake. Wote walianza kwa kuandika majina yao. Yeye, kwa herufi zilizopinda, akaandika HAMADI.

Mwalimu akamwambia, “Mzee, andika jina lako.”

“Langu litasubiri,” akajibu. “Mimi bado naitwa.”

Ilimchukua mpaka mavuno kuyamaliza majina yote saba. Zamu ya kufuta ubao asubuhi ilikuwa yangu, nami niliona tabu kwamba mzee yule anatuchafulia ubao kila jioni kwa majina ya watu nisiowajua. Nilifuta bila kuyajali. Alasiri yake aliandika tena, mwandiko umenyooka zaidi kidogo.

Leo stashahada yangu iko ukutani, ndani ya fremu ya kioo. Watu husema nimejijenga mwenyewe, nami kwa kawaida sikatai. Lakini juzi, fundi akiwa juu ya paa, nilichukua chaki yake ya kupimia nikaandika kwenye ukuta wa saruji usiopakwa rangi. Nilidhani nitakumbuka majina mawili au matatu. Mkono uliandika yote saba. Kisha nikaongeza la nane, Lameki, kwa kuwa sasa hakuna tena wa kumwita.

Fundi aliposhuka aliuliza kama ayafute.

Nikamwambia apake rangi kuta nyingine kwanza.