Rimu za Mashimo Matano

Jambo hili lote lilinigharimu shilingi elfu mbili, na zote nilirudishiwa. Nilizihesabu mara mbili: noti mbili, kavu. Bado ninalipa. Kama unadhani natunga, njoo Chepseon uulize kwa nini siku hizi nanunua kitu kwa bei ya kwanza ninayotajiwa. Mimi, ambaye wauzaji walikuwa wakiniona wanafunika bidhaa!

Kazi yangu ni spea za magari ya zamani. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kericho alikuwa anafufua Volkswagen yake, ile ya mgongo wa kobe, na ilikosa rimu. Sasa sikiliza. Kobe wa zamani kabisa ana rimu za mashimo matano. Waliokuja baadaye wana manne. Kwenye chuma chenyewe kuna namba zimegongwa, na hizo ndizo kitambulisho. Asiyejua huona kutu tu. Mimi nilikula kwa mikono ya wasiojua.

Nikasikia kuna kobe mwingine amelala Mogogosiek, kando ya shamba la chai. Nilifika saa nane mchana, na mvua ya mawe ikaanza. Tumeizoea, lakini siku hiyo ilileta giza. Kibanda cha gari kilikuwa kimebaki na mabati mawili. Kwenye usukani amekaa mzee, masikio yametobolewa yakaning'inia, pengo la meno mawili ya chini, kama wazee wa kale. Dirisha halikuwa na kioo, barafu inaingia, na koti lake kavu. Niliona. Nikaamua hayanihusu.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising. Umefuata nini kwa mvua hii, kijana?"

Nikachuchumaa, nikahesabu. Matano. Nikarudia. Matano, rimu zote nne, na namba zipo. Nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mzee, nani alikufanyia hivi? Hizi si za gari hii. Ni za mkokoteni wa punda."

Alinitazama sana. "Una hakika?"

"Mzee, hii ndiyo kazi yangu."

"Kumbe nimeendesha mkokoteni miaka yote hiyo, na mama wa boma hili akanyamaza tu!" Akacheka, kisha akaacha. "Zitoe. Gari yangu isivae vitu vya punda. Utaniletea zake?"

"Wiki ijayo, mzee."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na niliutoa bure.

Nikaiinua gari kwa jeki, nikaiweka juu ya mawe. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu, spana ikateleza. Mzee akashuka, akazifungua kwa vidole. Kwa vidole, nakuambia! Mwenye akili angekimbia. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya faida. Pesa hakuishika, alisema niiache kwenye kiti.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Huku kwetu, biashara iliyobarikiwa na mzee haina maneno ya baadaye. Kwa hiyo nikainama, nikamwomba baraka. Akatema mate kidogo juu ya rimu, kama wazee wafanyavyo, akasema, "Iwe kama ulivyosema."

Kesho yake kwa Mwalimu, zilikataa kuingia. Nikahesabu mashimo. Manne. Nikarudia. Manne. Namba zimefutika, chuma kimelainika kama sahani. Jirani mwenye mkokoteni alikuwa langoni. "Lete tujaribu kwangu," akasema kwa mzaha. Ikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Hata punda aligeuka kutazama.

Nikazirudisha Mogogosiek. Mama mwenye boma akatoka.

"Ni wewe uliacha pesa kwa kiti cha baba?"

Mumewe, akanieleza, amezikwa pale kando ya chai. Aliacha neno moja tu: gari isikae juu ya mawe. Nikamweleza mzee niliyemkuta. Hakushangaa.

"Alitema mate?"

"Ndiyo, mama."

"Basi alikuamini." Akanirudishia noti zangu. Angenitukana, ningeshukuru.

Tangu siku hiyo, kila ninachokitia dosari ili kishuke bei hushikwa na dosari hiyo hiyo. Nilisema pampu ya mtu imekufa. Ikafa mkononi mwangu. Kwa hiyo nalipa nikiwa nimefunga mdomo. Nawe nikuonye: sokoni tunadanganyana, hilo tunajua, lakini usimwombe mzee aubariki uongo wako.

Nimenunua rimu nyingine za mashimo matano, mara tatu sasa. Zikivuka lango la mama yule, zinakuwa na manne. Gari ingali juu ya mawe, na mama akienda kuchuma chai hupita hapo bila kuitazama. Mvua ya mawe ikianza, naenda kukaa kiti cha abiria nimsubiri mzee nimwambie ukweli. Hajaja. Nalowa peke yangu.

Wewe uliye na wazee nyumbani, niulizie: neno lililobarikiwa hivyo, anayeweza kulifungua ni nani?