Barafu ya Maziwa ya Moshi

Nakumbuka mchana mmoja wa kaskazi hapa Garsen, mwanangu, jua limekaza mpaka mbuzi wenyewe wamegoma kutoka kivulini, na mimi nimesimama mlangoni na sinia ya barafu mkononi, nawaita watoto wawili waje wale, na hakuna anayekuja. Barafu, mwanangu! Garsen ya wakati ule, mtoto angetembea hadi mtoni na kurudi kwa ajili ya kipande cha barafu. Na hawa wangu walinitazama tu.

Lakini nimeanzia katikati. Mimi ndivyo nilivyo, nikifurahi maneno hunitoka ovyo, univumilie.

Mimi ni mtu wa Kipini. Nililetwa Garsen nikiwa msichana mbichi, nimeolewa na mwenye duka, Muorma aliyefiwa na mke. Aliachiwa watoto wawili. Habiba alikuwa na miaka kama tisa, ana macho makali ya kupima watu. Mdogo wake, Guyo, meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza upya. Na nyumbani alikuwapo mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu. Mume alikuwa mtu wa safari, leo yuko Bangale ananunua mbuzi, kesho yuko Hola anawauza, kwa hiyo kutwa nzima mimi ndiye niliyebaki na watoto.

Na watoto hawakunitaka. Hawakunitukana, la, walikuwa na adabu zao. Ila hawakuniita kwa jina lolote. Habiba akitumwa kwa bibi yake alisema, "Huyu anasema chai tayari." Huyu! Nami nilitaka, jamani, nilitaka kwa moyo wangu wote watoto wale wanipende. Nilishajiambia kimoyomoyo: wakinikataa mpaka masika yaingie, narudi kwetu Kipini.

Sasa, dukani, pale pale mbele ya nyumba, kulikuwa na friji ya mafuta ya taa. Wewe huijui hiyo. Chini kuna taa inawaka, utambi na moto kabisa, na juu yake vitu vinaganda. Mavyaa hakuiamini hata siku moja. "Moto nafanya baridi? Watu ya duka naongopa," alisema, na kila akipita pale alipita mbali. Mimi nikaona hiyo ndiyo njia yangu. Kwa shangazi yangu Kipini kulikuwa na friji kama ile, na hakuna aliyeniweza kwa barafu za ukwaju. Basi nikajifungia jikoni peke yangu, nikaloweka ukwaju, nikachuja nikarudia kuchuja, nikatia sukari na iliki, nikamimina vikombeni. Aliyechungulia nilimfukuza. Nilitaka iwe zawadi ya kuwashtua, na ndiyo ile sinia niliyosimama nayo mlangoni.

"Hatuna kiu," Habiba akasema.

Guyo alimeza mate, nilimwona, maskini ya Mungu, lakini alimtazama dada yake akarudi nyuma. Barafu zikayeyuka mbele ya macho yangu zikawa sharubati ya vuguvugu. Nikarudi ndani nikalia kwa hasira, nikaanza kukunja nguo zangu.

Mavyaa akaja akaketi juu ya sanduku langu ili nisilifunge. Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, lakini maana alikuwa nayo yake mwenyewe.

"Wewe nalia nini? Wewe napea hawa kitu kama mgeni. Mgeni nakaa, napewa. Mtoto ya nyumba nashika, namwaga, nachafua mkono. Wewe nafukuza hawa jikoni, halafu nauliza kwa nini hawa hakuji kwa wewe?"

Nikataka kujitetea. Akanitolea jicho.

"Kesho maziwa nakuja. Ita wao. Na wewe funga mdomo kidogo."

Kufunga mdomo, mimi! Lakini nguo nikazirudisha mahali pake.

Asubuhi maziwa yakaletwa kutoka kwa ng'ombe, ndani ya kibuyu kirefu. Nikawaita watoto, wakaja wakasimama pembeni, mikono nyuma. Nikafungua kibuyu, nikanusa, nikaruka nyuma.

"Lahaula! Maziwa yameungua! Tumwage, tutafute mengine."

Habiba akacheka. Mwanangu, tangu nifike nyumba ile sikuwa nimemsikia akicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hayajaungua! Yamefukizwa!" Akanieleza mbio mbio, mimi mwanafunzi mzito na yeye mwalimu, kwamba kibuyu hufukizwa kwa kijinga cha moto kabla ya kutiwa maziwa, ili yasiharibike upesi na yawe matamu. "Mama alikuwa anafukiza hivi hivi," akamaliza, na papo hapo akairudisha mikono nyuma, uso ukajikunja. Hakuwahi kumtaja mama yake mbele yangu.

Hapo ndipo nilipofunga mdomo. Nikachukua kikombe, nikamimina, nikanywa. Wee! Moshi ukanipanda puani, machozi yakanitoka, Guyo akajitupa sakafuni kwa kicheko.

"Basi tugandishe haya haya," nikasema nikikohoa. "Nionyesheni nyinyi. Mimi wa Kipini, nitajua wapi?"

Jikoni siku ile, mwanangu, ungekuwapo! Tulikuwa na maembe yaliyotoka Ngao, yameiva mpaka yananukia nje. Habiba akamenya, Guyo akakamua kwa mikono miwili, rojo likimshuka hadi kwenye viwiko. Watoto wa jirani wakasikia kelele, wakaingia bila hodi. Kila mmoja alitaka kutia sukari yeye, kila mmoja alilamba kijiko akakirudisha sufuriani, nami nikajifanya sioni. Maziwa yakamwagika, paka akala sikukuu. Tulipokosa vijiti vya kushikia barafu, Guyo akatoka mbio akarudi na miswaki, vile vijiti vya kusugulia meno. Bibi yake alikuwa na kifurushi kizima. Guyo akaichomeka vikombeni mmoja mmoja. Nikafumbua mdomo niseme mswaki una ukali, utaharibu ladha. Nikaufumba tena. Ile kazi ilinitesa kuliko kuosha vyombo!

Guyo akapiga kambi mbele ya friji. Kila akivuta pumzi anafungua mlango, mpaka Habiba akaketi akiuegemea.

"Ukifungua, baridi inatoka!"

"Nataka kuiona ikigeuka!"

Hata mavyaa alikuja akauinamia ule moto wa chini, akautazama kwa muda mrefu, na nilipomuuliza akadai anatafuta sindano yake.

Kesho yake adhuhuri tukavitoa vikombe. Nikachovya kikombe kwenye maji ya uvuguvugu, nikavuta mswaki taratibu, ikatoka barafu nzima, ya manjano, inafuka. Watoto wakapiga ukelele ambao nadhani hata Kipini waliusikia. Ya kwanza akapewa mavyaa. Akaigusa kwa ncha ya ulimi, akaruka, "Nachoma!" Guyo akanyoosha mkono amsaidie kuimaliza, bibi akaificha nyuma ya mgongo. Nami nikalamba yangu. Kwanza embe, halafu moshi, halafu ukali wa mswaki unakuja mwisho kukusugua ulimi. Sijawahi kula kitu cha ajabu vile, wala kitamu vile.

Sasa sikiliza. Guyo hakulamba. Aliing'ata, kwa yale meno mapya, kipande kikubwa. Baridi ikampanda hadi utosini. Akafumba macho, akapiga yowe:

"Mamaaa!"

Unajua mtoto akiumia anavyoita, hachagui. Wale watoto wa jirani wakanitazama mimi, kisha wakamtazama Habiba. Habiba akasogea mbele.

"Hakukuita wewe," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Amemwita mamake. Lakini mimi ndiye niliye hapa. Guyo, njoo nione."

Nikapiga magoti, nikamwekea kiganja changu cha moto shavuni, nikamsugua. Akaegemeza kichwa begani kwangu, akalia kidogo, kisha akauliza kama barafu yake imeanguka. Habiba alikuwa bado amesimama pale pale, yake ikimchuruzika mkononi. Niliogopa, nakwambia kweli. Nilidhani atamvuta mdogo wake waondoke, na hapo ningekuwa nimemaliza habari yangu na nyumba ile.

Akaninyooshea barafu yake.

"Onja yangu," akasema. "Ina moshi zaidi."

Nikaonja. Sikuweza kusema neno, na mara hii hakuna aliyeniambia nifunge mdomo. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, rojo la embe likinishuka kidevuni, na mavyaa pale kwenye kona anakwangua kikombe chake kwa kucha.

Kipini nilirudi kusalimia tu, nikiwa na watoto wote wawili. Guyo aliniita mama toka kaskazi ile ile. Habiba hakuniita hivyo, na mpaka leo haniiti hivyo; ananiita Mwanaisha, jina nililopewa na wazee wangu, na sijawahi kumdai lingine. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza alinipigia simu mimi kabla ya mtu yeyote. "Mwanaisha, njoo," akasema. Nilikuwa nimeshavaa buibui kabla hajakata simu.

Siku hizi friji yangu ni ya umeme, na kaskazi ikiingia jikoni kwangu hapapitiki kwa watoto. Nami nawaona nyinyi vijana, mnawapikia watoto wenu vizuri kabisa, lakini mnawaambia wasubiri nje wasichafue. Basi nakupa nasaha yangu bila kuizungusha. Usiwatengenezee watoto kitu kizuri mlango ukiwa umefungwa. Waite ndani na mikono yao michafu na maswali yao yasiyokwisha. Sukari itamwagika, na sakafu utaipiga deki. Na kama Mungu amekupeleka kwenye nyumba ya watoto waliofiwa, usimtoe mama yao jikoni. Mwache abaki katika maziwa, katika namna walivyozoea kutia chumvi, katika mambo unayoona wewe yameungua. Hakunyang'anyi kitu. Usimdai mtoto jina. Lakini akiumia akaita mama, na wewe ndiye uliye karibu, itika, wala usisimame kuuliza ni nani aliyeitwa.

Mola akujaalie nyumba yenye kelele, mwanangu, na watoto wenye afya, na barafu isiyokatika kaskazi nzima. Akupe na uwezo wa kunyamaza, maana mimi niliupata kwa taabu. Na siku mtoto atakapopiga yowe, wako wa kuzaa au wa kupewa, likukute u karibu. Amina.