Nyanya Mume, Kitunguu Mke

Juzi dukani niliona kopo la nyanya lenye maandishi ya Kiitaliano, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni Kasulu. Tulikuwa tukipalilia bustani ya parokia, mikono ikinuka majani ya nyanya, na sista Mwitaliano akitufundisha: pomodoro rosso, nyanya nyekundu, cipolla rossa, kitunguu chekundu.

“Nyanya ni mume, kitunguu ni mke. Ndiyo maana rosso hugeuka rossa.”

Sikujua kwamba alizungumzia jinsia ya maneno ya Kiitaliano tu. Nyumbani nilimwaga kapu la mama, nikapanga kila nyanya na kitunguu chake.

“Unafanya nini, mwanangu?”

“Nawafungisha ndoa, mama.”

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu tumzike baba. Kitunguu kimoja kilikosa mwenzake. Mama alikiokota, akakishika kifuani. Nilipoona machozi yake, nilidhani kitunguu kinamwasha.