Sambaza ya Shehe

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeyajaza maji viumbe kabla ya kutuumba sisi tunaowala, akatupa ulimi wa kumtaja na pua ya kunusa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote walioshika njia yake. Baada ya hapo naandika jambo hili.

Hapa mtaani Biryogo watu wananijua kwa kisu. Anayechinja mbuzi wa akika au kuku wa harusi huniita nipime makali kwa kidole gumba na kusimama karibu mpaka kazi iishe. Nimewahi kurudisha beseni zima la kuku kwa sababu mchinjaji alikuwa na haraka. Lakini samaki hachinjwi. Hutolewa majini, hufa mwenyewe, na ni halali. Kwa hiyo miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza samaki amekufaje, wala mimi sikujiuliza.

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, alifiwa na mumewe akaachiwa watoto wanne. Alishona nguo za watu mpaka macho yakamgomea. Mwaka jana alipata kibanda katika uchochoro ulio karibu na msikiti, akaamua kuuza sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Aliniita nisome dua ya kufungua biashara. Desturi yetu ni kwamba mzee husoma, kisha yeye ndiye mnunuzi wa kwanza, naye huonja mbele ya watu.

Nikasoma. Sikufanya haraka, maana yule ni mtoto wa dada yangu. Watu wakaitikia amina, yeye akafungua gunia, nami nikatia mkono.

Sambaza aliyekomaa hukaribia urefu wa kidole changu cha kati. Nilivyovitoa humo havikufika urefu wa ukucha. Vilikuwa kama makapi ya mpunga yaliyoota macho. Macho meusi yalijaa kiganja changu, na katikati yake mlikuwa na vipande vya matete na nyuzi za buluu za chandarua. Harufu yake ilikuwa ya tope.

"Onja, mjomba," mpwa wangu alisema huku akitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona meno yake tangu msiba.

Nikatia kinywani. Mchanga ukasagika menoni. Nikameza, nikasema kwa sauti, "Alhamdulillah." Hilo ndilo kosa langu. Nililifanya kwa adabu, na ubaya wake haukupungua kwa sababu hiyo.

Sikuwa mgeni wa mambo haya. Nilizaliwa kando ya ziwa jingine, lile kubwa kuliko yote, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia. Huko tulikuwa na samaki anayeitwa ningu. Mvua zilipoanza, ningu walipanda mtoni wakiwa wamejaa mayai tumboni, na wanaume wa kijiji walitega nyavu mdomoni mwa mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mama aliyakaanga mayai yale, mimi na dada yangu tukagombania kukwangua sufuria. Mwaka mmoja nyavu zilitoka na majani matupu. Baba alikaa akizitazama, akasema ningu wamehama. Hawakuwa wamehama. Tuliwala kabla hawajazaliwa.

Basi mtu aliyeona hayo akiwa mtoto, uzeeni alishika vifaranga vya samaki mkononi na kumshukuru Mungu mbele ya watu.

Kila mwaka Ziwa Kivu hufungwa kwa wiki kadhaa ili sambaza wazaane. Lilipofungwa mwaka ule, mabeseni ya wauzaji wengi yalianza kukauka. Gunia la mpwa wangu lilibaki limejaa. Nilipita kumsalimu, nikakuta muuza chapati wa jirani anapimiwa.

"Nipimie vikopo viwili vya ile ya Shehe," alisema.

"Ya Shehe gani?" nikauliza.

"Yako wewe, mzee! Si ulisomea? Hii iko na baraka. Mtoto wangu anakula kwa uji, analala kama mawe." Akacheka, akaniombea maisha marefu.

Kumbe ule uchafu ulikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa langu.

Wakati huohuo alikuwapo mama aliyeleta mzigo kutoka ziwani, amekaa juu ya gunia jipya anakunywa chai. Nikamwuliza, "Mama, ziwa si limefungwa? Hawa mmewavua wapi?"

"Kandokando, mzee wangu, kwa matete. Ndani huko boti za doria ziko. Sisi tunakokota chandarua tu, wawili huku, wawili kule."

"Lakini huko kwenye matete ndiko wanakokulia."

"Eeh, ndiyo maana tunaenda huko! Kubwa iko na akili, inakimbia. Hii ndogo haijui kitu." Akacheka kwa moyo mweupe kabisa, kama anayesimulia kisa cha mtoto wake.

Mungu anisamehe, nilimchukia yule mama kwa muda mrefu kabla ya kukumbuka sufuria ya mayai.

Alipoondoka, nikamwambia mpwa wangu aache kuuza. Hakuinua macho.

"Mjomba, si wewe uliyetufundisha madrasa kwamba samaki wote ni halali?"

"Nilikufundisha nusu, mwanangu. Kumla ni halali. Kumharibia Mungu kitalu chake si halali."

"Sawa. Na watoto wangu wanne, niwapikie nusu ipi?"

Nilirudi nyumbani kwangu Nyakabanda, mtaa wa jirani, kwa miguu, na siku mbili sikuweza kula kitu chenye macho.

Ijumaa, baada ya swala, nilikwenda kibandani, nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya gunia. Kila mteja aliyekuja nilimwambia maneno yaleyale: "Siku ya ufunguzi nilikula hapa mbele yenu nikasema alhamdulillah. Nilipaswa kusema astaghfirullah. Hawa ni vifaranga, wamekokotwa na chandarua wakati ziwa limefungwa. Msiseme tena kwamba ni ya Shehe."

Wengine walinitazama kwa huruma. "Mzee amechoka," mmoja alinong'ona. Muuza chapati alirudisha kikopo chake. Lakini wengi wao walivuka uchochoro, wakanunua vifaranga vilevile kwa muuza samaki mwingine, mpaka yule akamaliza mzigo wake kabla ya alasiri. Nilikuwa nimekaa pale naona. Waliokuwa wameniitikia amina walikuwa wanachagua kwa vidole vyao, wananusa, wanalipa.

Mpwa wangu hakunipigia kelele. Alipofunga kibanda alisema tu, "Ungeniambia siku ile ya kwanza, mjomba. Siku ile nilikuwa na gunia moja. Leo ninayo matatu."

Magunia yale hayakupata tena mnunuzi, tukayazika nyuma ya nyumba yangu. Nilichimba mimi na yeye akamwaga. Nzi walitufunika mikono, na ule mvundo ulibaki uani mpaka mvua zikaja. Nimeosha na kuzika maiti nyingi kwa mikono hii, na nyingine zilikuwa za kutisha. Sijawahi kuchukizwa kama nilivyochukizwa na shimo lile, kwa sababu kila kilichokuwamo hakikuwa kimeanza kuishi.

Chumba changu cha mbele, kilichokuwa cha wageni, nimempa. Sasa anauza maharage na unga wa muhogo humo. Hali yake ni ngumu kuliko alipokuwa na sambaza, siwezi kuficha hilo. Kila asubuhi ananipa shikamoo kwa heshima, na watoto wananiletea chai. Lakini siku ya kufungua alimwita imamu kijana ndiye asome dua na kununua wa kwanza. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango, nikaitikia amina pamoja na wengine. Nilimshukuru Mungu kwamba alinipa hata nafasi hiyo.

Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akujalie riziki isiyokuchefua ukijua ilikotoka, akupe ujasiri wa kusema mapema, na awaache watoto wako wafike umri wao kamili. Amina.