Hukumu ya Gazeti juu ya Dada Mkubwa

Tulikuwa watano sebuleni kwangu Migosi Jumapili ile baada ya kanisa: mimi; mdogo wangu wa kiume mwenye pikipiki ya bodaboda pale Kondele; kitinda mimba wetu, yule msichana aliyetengeneza filamu; shangazi yetu wa kijijini Kombewa, ambaye sote humwita Waya; na mama wa nyumba ya pili, aliyekuja kuazima kiberiti akaona watu wamezunguka meza, naye akaketi.

Mwenye pikipiki alikuwa amenunua gazeti.

"Gazeti la kwanza kuingia nyumba hii bila samaki ndani," alisema akiliweka mezani.

Alisema kweli. Wazazi wetu walipofariki, mmoja akimfuata mwenzake kabla ya mwaka kwisha, niliacha shule kidato cha pili nikaanza kukaanga samaki Kondele. Magazeti ya kufungia niliyanunua kwa kilo, nikaukata kila ukurasa vipande vinne ili ufae wateja wengi. Jioni, tukisubiri ugali uive, tulisoma vipande vilivyosalia. Tulipenda ukurasa wa filamu. Sinema hatukuwahi kwenda, kwa hiyo filamu tulizijua kwa hukumu zake tu. Mhakiki mmoja aliandika kwamba filamu fulani ya vita ilikuwa na moshi wa kutosha mji mzima na moto usioweza kuchemsha chai. Katika filamu ya mapenzi, alisema, wapenzi walitazamana kama watu wanaongoja zamu yao benki. Filamu ndefu ya Kihindi aliilaumu kwa nyimbo zake, kisha akakiri kwamba alilia. Aliyoisifu kuliko zote ilikuwa ya katuni, na hatukuelewa mtu mzima alitafuta nini huko.

Shida ilikuwa kisu changu. Hukumu nyingi ziliishia njiani: "Hata hivyo, mwigizaji mkuu", na hapo karatasi imekwisha. Ikabidi tumalizie wenyewe. Ndugu yangu alizilaani filamu zote, hata zile zilizokuwa zikisifiwa. Mdogo wake hakukubali.

"Mbaya kwa nini? Huyo mwigizaji alifanya nini?"

Akishauliza, alijijibu mwenyewe, akiinuka kutuonyesha mwigizaji alivyoingia na alivyoanguka, mpaka ugali ukaungua. Miaka mingi baadaye alipoingia ukumbi wa sinema na kuona mojawapo ya filamu zile, alirudi amekasirika. Mwisho wake haukuwa ule tuliompa mwigizaji sisi. "Wetu ulikuwa bora," aliniambia, na sidhani alitania.

Filamu yake mwenyewe ni fupi, nayo inatuhusu sisi. Niliitazama mjini nikiwa nimeketi mbele pamoja na Waya. Taa zilipowashwa watu walipiga makofi. Mimi nilimuuliza kama amekula.

Sasa Jumapili ile gazeti lilikuwa limeandika juu yake.

"Soma wewe, Dada," msichana aliniambia.

Nilisoma polepole, nikiugeuza ule Kiingereza kuwa Dholuo, lugha yetu, ili Waya naye asikie. Mhakiki alisifu picha. Alimsifu mtoto anayeigiza kitinda mimba, na jinsi ziwa linavyoonekana mara moja tu, nyuma ya nguo zilizoanikwa. Kisha akaandika kwamba udhaifu wa filamu ni dada mkubwa. Anaacha shule bila chozi, anapika, analea, hachoki, hajuti. Binadamu wa namna hiyo hayupo. Mtengenezaji, alimalizia, anampenda mno dada huyu hata hamwoni.

Nikalikunja gazeti.

"Huyo mtu alikuwako?" Waya akauliza.

"Hakuwako, Waya."

"Basi anabishana na nani?"

"Labda na yeye ana dada," alisema jirani, "na ni mvivu."

Ndugu yangu alicheka. "Ati hachoki. Angeniuliza mimi, niliyekula mwiko mgongoni kila Jumamosi."

"Ulistahili," nikamwambia.

"Nilistahili, lakini mtu aliyelala vizuri hapigi namna ile."

Msichana hakucheka. Mwezi uliofuata alikuwa aipeleke filamu Kombewa, aionyeshe mbele ya watu waliowazika wazazi wetu. Aliniangalia.

"Dada, kama kuna mahali nimedanganya, siipeleki. Watu wa nyumbani wanajua. Siku ulipoacha shule, ulilia?"

Jibu nililijua. Shule zilipofunguliwa mwaka ule, niliifumua sketi yangu ya sekondari nikaishona upya imtoshe yeye, kwa kuwa buluu yake ilikuwa karibu sawa na ile ya darasa la kwanza. Alitoka nayo asubuhi akirukaruka. Nilienda nyuma ya choo nikauma leso ili ndugu yangu asisikie. Na si siku ile tu. Muhula mzima sikupenda kuiona sketi ile ikienda shule bila mimi. Niliifua, nikaipiga pasi, na sikuipenda. Mhakiki, ambaye hajawahi kukanyaga Kondele, alikuwa ameona kwamba kuna kitu hakipo kwenye picha.

Lakini angekuwaje mtu akiambiwa hayo kuhusu nguo aliyoifurahia?

"Nipe muda," nikasema.

"Muda gani tena?" ndugu yangu akauliza.

"Mwache," msichana akamwambia. Kwangu akasema, "Nitangoja. Lakini ni deni, Dada."

"Ni deni," nikakubali, na Waya akauliza kama katika nyumba hii chai bado inapikwa.

Mwezi ule umepita na mwingine unakaribia kwisha. Msichana hupiga simu akauliza habari za mvua, za Waya, za bei ya samaki. Lile jingine haligusi. Filamu haijaenda Kombewa, na kule wameanza kuuliza. Wiki iliyopita nilipanda gari kwenda kwake nikiwa nimejipanga, nikamkuta na wageni, nikala, nikarudi. Haya nimeyaandika kwa kuwa kalamu imekuwa nyepesi kuliko ulimi, ila najua kuandika si kulipa. Yeye alitaka kuyasikia kutoka kinywani mwangu, tukiwa tumeketi, na hayo bado ninadaiwa.