Zile Moja Saba za Takawiri

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka boti kisiwani Takawiri nikiwa nimeloa hadi kiunoni. Mimi ni mtu wa Kehancha, nimelelewa kwa ng'ombe na tumbaku, na maji mengi kwangu yalikuwa ya kunywesha mifugo tu. Mwalimu mkuu alivitazama viatu vyangu akacheka. "Mwalimu wa hesabu, karibu. Kausha hizo vitu, halafu uingie kidato cha tatu."

Kidato hicho kilikuwa na wanafunzi wachache, na ilisemekana kitafungwa, wahamie shule ya bweni ng'ambo. Kiranja wao, Akinyi, hakuwa na pa kwenda. Mama yake alianika omena, wale dagaa wa ziwani, na karo ya bweni asingeiweza. Mkaguzi wa shule ndiye angeamua, baada ya kukaa darasani kwangu.

"Fundisha ile iko kwa mtihani," mkuu alinionya. "Usituletee maneno mingi."

Lakini ujana una kiburi chake. Mkaguzi alipoketi nyuma, uso kaukunja, niliandika ubaoni moja saba mfululizo: 1,111,111. Je, ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Vikokotoo vilibaki kabatini. Niliwaeleza kwamba inatosha kujaribu namba tasa tu, tena hadi kipeuo cha pili, ambacho hapa kinazidi 1,054 kidogo. Kigawo kikubwa kuliko hicho lazima kiwe na mwenzake mdogo. Akinyi akawagawia wenzake tasa hizo kwenye vikaratasi, kila mtu fungu lake. Tatu, saba, kumi na moja: zote ziliacha baki.

Mkaguzi akakohoa. "Na mimi je? Mnaninyima?"

Akinyi akampelekea kikaratasi: 239. Mzee akavua koti, akagawa, akafuta, akagawa tena. Ghafla akaruka. "Yawa! Imeingia! Mara elfu nne mia sita arobaini na tisa, hakuna baki!"

Darasa likampigia makofi, naye akainama kama bwana harusi. Kabla ya kupanda boti alimwambia mkuu, "Hii darasa haifungwi. Nitaandika mimi mwenyewe."

Baadaye nilihamishiwa Suna, na huko ndiko nilikostaafu. Kwenye karamu ya kuniaga alikuja Akinyi, siku hizi mwalimu wa hesabu Homa Bay. Akaninong'oneza, "Mwalimu, ile 239 ilikuwa kwa fungu langu. Nilikuwa nimeshaigawa, ikaingia."

"Sasa mbona ukampa?"

"Si alikuwa mgeni? Kwetu mgeni hapewi mifupa ya samaki."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka kwa furaha. Miaka yote nilijisifu kwamba somo langu ndilo lililookoa lile darasa!

Mkaguzi naye amestaafu. Tukikutana sokoni Homa Bay hupaza sauti kutoka mbali, kifua mbele: "Mia mbili thelathini na tisa!" Nami humwitikia, "Elfu nne mia sita arobaini na tisa!" kisha namnunulia chai. Kumwambia? Thubutu! Mgeni akishashiba mnofu, humwambii ulitoka sahani ya nani.