Picha Zilizotazamwa Bure

Mnamo mwaka wa 1974 hapakuwa na mtu Malaba aliyependwa na wateja wake kuliko Egwang mpiga picha, wala hapakuwa na aliyelipwa nao kidogo kuliko yeye. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kando ya foleni ya malori yaliyosubiri kuvuka mpaka kuingia Uganda, na pazia zito lilitenga pembe ya chumba cha giza. Mteja alitoa arubuni, akakaa kitini, akapigwa picha, kisha akaambiwa arudi Alhamisi alipe salio na kuichukua. Alhamisi alirudi kweli, ila mikono mitupu.

Fedha zote zilizoingia, Egwang alizitia katika mfuko wa suruali. Humo humo zilitoka za karatasi na dawa za kusafishia picha, za sukari, na za rambirambi. Mwisho wa mwezi aliupindua mfuko, nao haukuwa na maelezo yoyote ya kumpa.

Kamera yenyewe haikuwa yake bado. Alikuwa akiilipia kidogo kidogo kwa Salim, mwenye duka mjini Busia, na sasa alikuwa nyuma kwa miezi miwili. Salim akatuma neno: Jumamosi angekuja mwenyewe, na asipopewa shilingi mia na ishirini, angeondoka na kamera.

Hapo ndipo Amuron, mkewe, muuza samaki wa omena sokoni, alipoifunga meza yake kwa juma zima akahamia dukani. Alikuja na daftari na makopo matatu ya maziwa: moja la karatasi na dawa, moja la Salim, moja la nyumbani. Noti za Uganda alizifunga kando kwa uzi, kwa kuwa Salim hakuzipokea.

"Na huo mfuko wako," alimwambia mumewe, "nitaushona."

Akaandika kila picha iliyokwisha kusafishwa, jina la mwenyewe, arubuni na salio. Hesabu ilipokamilika, ilidhihirika kwamba masalio yangetosha kumlipa Salim kamili, bila kubaki senti. Picha zenyewe zilikuwa wapi? Mlangoni. Zote ambazo hazikuchukuliwa, Egwang alizibandika kwenye ubao mkubwa ili zilipambe duka.

Amuron akakaa kizingitini asubuhi nzima, akitazama. Akaja Omoding, fundi wa baiskeli, akasimama mbele ya picha yake, akachana nywele kwa kuifuatisha, akaenda zake. Akaja Callistus, mwalimu, na wageni wawili kutoka Butula.

"Huyo hapo ni mimi," aliwaambia. "Itazameni hiyo tai."

"Mwalimu, si uichukue ukaitundike nyumbani?" Amuron aliuliza.

"Nyumbani nani ataiona, mama? Hapa naonwa na malori yote!"

Amuron akamgeukia mumewe. "Mimi na omena zangu, mtu akionja mpaka ashibe, atanunua nini tena?"

"Sasa nitawadai vipi? Hawa ni watu wangu."

"Usiwadai. Watakuja wenyewe."

Akazigeuza picha zote, nyuso zikaelekea ubao. Kufikia Ijumaa wenyewe walikuja wakigomba kama watu walionyang'anywa nyuso. Omoding alilipa. Callistus alilipa huku akitoa hotuba. Hata hivyo, Jumamosi asubuhi kopo la Salim lilikuwa limepungukiwa na shilingi kumi na tano, na hizo zilikuwa salio la picha kubwa kuliko zote: ya Roselida wa Angurai, mama mzazi wa Amuron.

Jambo hilo lilikuwa zito. Kwa mila ya kwao, mume hakabiliani wala hasemezani na mama mkwe wake, seuze kumdai. Hata siku ya picha, Egwang aliweza kuipiga kwa sababu tu kichwa chake kilifichwa na kitambaa cheusi cha kamera, naye mama mkwe akatazama dirisha.

Na siku hiyo hiyo Roselida akatokea, akifuatana na jirani zake aliowaahidi kuwaonyesha picha. Egwang alimwona kwa mbali, akajitupa nyuma ya pazia. Salim akaingia mara tu baada yao.

"Amuron, mbona mimi nimegeuzwa ukutani kama mtoto mkorofi?" Roselida aliuliza.

"Picha inangoja shilingi kumi na tano, mama."

"Mkwe anidai mimi? Mimi niliyemzalia mke?"

"Mke ulimzaa, mama. Karatasi hukuizaa."

Salim akacheka. "Lipa, mama. Bila hizo mimi naondoka na kamera, na hutapigwa nyingine."

Roselida akawatazama jirani zake, akawakuta wakimtazama yeye. Akafungua fundo la leso. Amuron akazitia zile fedha katika kopo, kisha akalimimina lote mezani. Salim akahesabu, akarudia, akaandika stakabadhi. Nyuma ya pazia mtu alishusha pumzi.

"Bwana Salim," Roselida akasema, picha mkononi, "mwambie aliye ndani kwamba nataka nyingine, mimi na jirani zangu. Lakini mimi ni mama hapa. Anifanyie nusu bei."

Salim akaligeukia pazia. "Umesikia, bwana?"

Amuron akashika kalamu, akangoja.

"Mwambie," sauti ikatoka, nyembamba lakini imenyooka, "nusu bei hainunui karatasi. Ni bei kamili, na arubuni kwanza."

Roselida akalirudia fundo la leso.

"Mwambie," alisema, "leo ndiyo nimejua kwamba binti yangu ameolewa na mwenye duka."